Zawadi Inayodai Nauli

Mwaka 2007 kampuni ya simu ya Safaricom ilijifungua mara mbili. Mnamo Januari ulizaliwa mpango wa Bonga, wa kumtuza mteja pointi moja kwa kila shilingi 10 anazotumia kwenye simu yake. Tarehe 6 Machi ikazaliwa M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu. Ni watoto wa nyumba moja waliopishana wiki chache tu, ila hawakulelewa sawa. M-Pesa iliota miguu mapema: haikupita miaka mingi kabla ya kibarua wa shamba la maua Naivasha kuweza kutuma pesa wakati wa chai ya saa nne, na kufikia saa sita mama yake akawa ameshazitoa kwa wakala wa Keringet. Bonga ilibaki mjini, nyuma ya kaunta, ikimngoja mteja aifuate.

Katika miaka hiyo ya mwanzo pointi zilikuwa na matumizi ya aina mbili. Yalikuwapo yale madogo, ambayo mtu aliyamaliza kwa simu yake mwenyewe: kuzigeuza pointi ziwe kredo, ujumbe mfupi, na baadaye data. Halafu yalikuwapo yale makubwa, ambayo ndiyo yaliyovuta macho ya watu: simu mpya na vifaa vingine vya dukani. Hayo makubwa yalihitaji duka la kampuni, na duka la kampuni lilikuwa mjini. Kwa mkulima wa Olenguruone, hiyo ilikuwa matatu ya alfajiri kupitia Keringet hadi Molo, nyingine kupitia Elburgon na Njoro, kisha Nakuru. Kisha foleni.

Foleni ya duka la simu haibagui. Aliyepoteza laini, aliyetuma pesa kwa nambari isiyo yake, aliyesahau PIN na yule aliyekuja kupokea asante yake, wote husimama pamoja, vitambulisho mkononi, wakitazama mgongo wa aliye mbele. Akifika kwenye kaunta, mkulima wetu angeweza kukuta simu aliyoitamani imekwisha, au pointi zake hazitoshi na anatakiwa kuongezea pesa taslimu. Yaani mtu amesafiri asubuhi nzima kwenda kuzawadiwa, na amefika anaombwa afungue pochi.

Ni vyema kupiga hesabu ya zawadi yenyewe. Tuseme mwendesha bodaboda wa Free Area, mjini Nakuru, anatumia shilingi 50 kwa siku kwa kredo na data, kiasi ambacho si kikubwa kwa mtu ambaye wateja wake humwita kwa simu. Hizo ni pointi tano kwa siku, pointi 1,825 kwa mwaka. Tuseme pia kila pointi ina thamani ya senti 20 anapoitumia kununua kitu. Mwisho wa mwaka ana shilingi 365. Ametoa shilingi 18,250 na kurudishiwa shilingi moja kwa siku. Si haba kwa mtu ambaye hakuwa akitarajia chochote; hizo ni pakiti mbili za unga wa ugali na chenji. Lakini mpeleke huyo huyo Olenguruone, mwambie azifuate shilingi zake 365 mjini Nakuru, na nauli ya kwenda na kurudi huenda ikazimeza zote kabla hajanunua hata chai.

Hapo ndipo mtu mwenye akili timamu huamua kuziacha. Na hapo ndipo hesabu ya upande wa pili huanza.

Pointi ni deni. Wahasibu wanalijua jambo hili vizuri kuliko wateja. Juni 2007, miezi mitano baada ya Bonga kuanza, waandaaji wa kanuni za kimataifa za uhasibu walitoa mwongozo uliohusu pointi na kadi za wateja peke yake, uliojulikana kama IFRIC 13. Ulizitaka kampuni zisiyahesabu mapato yote ya siku ile ile, bali zitenge sehemu inayolingana na zawadi ambazo bado hazijachukuliwa. Tangu Januari 2018 kazi hiyo inafanywa na kanuni pana zaidi, IFRS 15, lakini wazo ni lile lile. Ukitumia shilingi 10 leo na kupewa pointi, sehemu ndogo ya shilingi hizo si ya kampuni bado. Inakaa kwenye vitabu vyake kama kitu inachodaiwa na wewe, hadi siku utakapoitumia pointi hiyo au hadi kampuni itakapokuwa na sababu ya kuamini kwamba hutaitumia kamwe.

Hiyo sababu ya pili ndiyo tamu. Kampuni zenye mipango ya pointi hukadiria ni ngapi zitasahaulika, na kiasi hicho huruhusiwa kukihamisha polepole kutoka upande wa madeni kwenda upande wa mapato. Hakuna ubaya wa kisheria hapo. Ni uhasibu wa kawaida, kutoka mashirika ya ndege hadi maduka ya kahawa. Lakini ina maana kwamba kila ngazi unayomwekea mteja, kila nambari ya kubonyeza, kila kilomita ya safari, kila foleni, ina thamani ya pesa. Mwandishi wa makala hii hana haja ya kudai kwamba kuna mtu aliyeketi ofisini na kupanga kumsumbua mkulima wa Olenguruone. Inatosha kuona kwamba hakuna mtu ofisini aliyepata hasara kwa sababu mkulima huyo alisumbuka.

Mfano wa wazi zaidi wa mchezo huu ulitoka Uingereza mwaka 1992. Tawi la Hoover huko, watengenezaji wa mashine za kufagilia mazulia, lilitangaza kwamba atakayenunua bidhaa za pauni 100 au zaidi angepewa tiketi mbili za ndege bure, kwanza za Ulaya, halafu za Marekani. Tiketi zenyewe zilikuwa ghali kuliko bidhaa. Matumaini ya waliobuni mpango yalikuwa kwamba fomu nyingi, masharti ya tarehe na barua za kwenda na kurudi zingewachosha wateja wengi wakate tamaa. Wateja hawakuchoka. Walinunua mashine ambazo hawakuzihitaji, wakajaza fomu, wakasubiri, wakashtaki. Hasara ilikaribia pauni milioni 50, wakubwa wakafutwa kazi, na mwaka 1995 biashara ya Hoover barani Ulaya iliuzwa kwa Candy ya Italia. Ni mara chache sana ambapo usumbufu hushindwa vibaya kiasi hicho. Kwa kawaida hufanya kazi yake kimya kimya.

Mchezo wa zawadi una upande wa pili, wa kumfanya mteja asiondoke. Mwaka 2006 watafiti wawili, Joseph Nunes na Xavier Drèze, walichapisha jaribio walilolifanya kwenye kituo cha kuoshea magari. Wateja 300 walipewa kadi za kugongwa muhuri kila wanapoosha gari. Nusu yao walipewa kadi ya mihuri minane: ukiijaza, unaoshewa bure. Nusu nyingine walipewa kadi ya mihuri 10, lakini miwili ilikuwa imekwisha kugongwa kama zawadi ya kuanzia. Ukihesabu, wote walihitaji kuosha mara nane. Wa kwanza, asilimia 19 ndio waliofika mwisho. Wa pili, asilimia 34. Mtu akiamini kwamba safari imeanza, hukaza mwendo hata kama umbali ni ule ule.

Hivyo ndivyo pointi zinavyomkamata mwenye laini mbili. Na Nakuru, kama kwingineko Kenya, wenye laini mbili ni wengi: moja ya M-Pesa, nyingine ya data ya bei nafuu. Tangu vita vya bei vya Agosti 2010, Zain ilipoteremsha bei ya kupiga simu hadi shilingi tatu kwa dakika na wengine wakalazimika kuifuata, Mkenya amejua kwamba mtandao wa pili huwa na neno la kusema kuhusu bei. Kinachomrudisha kwenye laini ya kwanza ni mazoea, ni M-Pesa, na ni zile pointi elfu mbili mia tatu ambazo anaona akiziacha atakuwa amepoteza. Amekwisha kugongewa mihuri.

Kuna zawadi nyingine ambazo hazihitaji nauli lakini hudai usingizi. Hizi ni bonasi za kutumika ndani ya muda fulani: dakika za kupigia watu wa mtandao ule ule pekee, data ya usiku wa manane, ofa ya siku moja inayokwisha saa sita usiku. Mchuuzi wa soko la Wakulima anayeamka saa tisa kupokea viazi vya Molo hana haja ya data ya usiku. Saa tano amekwisha lala. Na ujumbe wa kumwarifu kwamba amepewa bonasi humfikia akiwa anabeba gunia. Anapata wasaa wa kuusoma kesho yake, wakati ambapo kilichobaki ni habari tu.

Michael Joseph, aliyeiongoza Safaricom kutoka mwaka 2000 hadi 2010, aliwahi kuwashangaza Wakenya kwa kusema kwamba wana mazoea ya ajabu ya kupiga simu. Kauli hiyo ilimfuata kwa miaka. Lakini mtu akizitazama bonasi za saa nane za usiku, anaweza kujiuliza mazoea ya ajabu ni ya nani.

Halafu kuna matapeli. Hawa wameifanya zawadi halali iwe ngumu zaidi kuliko kampuni yenyewe ingeweza. Kila mwenye simu Nakuru amewahi kupigiwa na sauti ya upole inayojitambulisha kama huduma kwa wateja, ikimpongeza kwa ushindi na kumwomba abonyeze nambari fulani ili apokee zawadi yake. Safaricom imerudia mara nyingi kwamba huwapigia wateja kwa nambari moja tu, 0722 000 000. Hata hivyo mzee aliyekwisha liwa pesa zake mara moja hatofautishi tena. Kwake, neno pongezi kwenye simu ni ishara ya kukata. Ukimwambia ana pointi elfu sita zinazomngoja, atakuuliza wewe ni tapeli wa gereza gani.

Mambo yalibadilika Aprili 2020, na hayakubadilika kwa sababu kulikuwa na mashine mpya. Machi ya mwaka huo corona ilikuwa imeingia nchini, na kuanzia tarehe 27 kukawa na kafyu ya usiku. Soko la maua la Ulaya lilianguka ghafla. Mashamba ya Naivasha yaliyajaza majalala waridi yasiyo na mnunuzi na kuwarudisha nyumbani maelfu ya wafanyakazi. Ni wakati huo Safaricom, chini ya mkurugenzi wake mpya Peter Ndegwa aliyeanza kazi Aprili hiyo hiyo, ilipotangaza mpango wa Bonga for Good. Kwa mara ya kwanza mteja aliweza kubonyeza *126#, kuchagua kulipa kwa pointi, kuingiza nambari ya tili ya muuzaji, na kuondoka na unga, sukari au mafuta. Muuzaji alipata pesa kama kawaida. Aliyekuwa na pointi nyingi aliweza kumtumia ndugu au jirani asiye nazo.

Huo ulikuwa msaada wa kweli, na wa wakati wake. Kibarua aliyefungiwa lango la shamba Ijumaa aliweza kununua chakula Jumamosi kwa kitu ambacho hakujua kuwa ni pesa. Lakini ukiisifu kampuni kwa hilo, huwezi kuacha kuitazama kalenda. Lipa na M-Pesa, yaani zile tili zenyewe zilizotumika, ilikuwapo tangu 2013. Pointi zilikuwapo tangu 2007. Nambari ya *126# haikuwa siri. Vipande vyote vilikuwa mezani kwa miaka saba, na vikaunganishwa mara tu ilipopatikana sababu ya kuviunganisha. Kilichokosekana muda wote huo hakikuwa teknolojia.

Miaka miwili na nusu baadaye upepo ukageuka. Oktoba 2022 kampuni ilitangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2023, pointi zilizokaa zaidi ya miaka mitatu zingefutwa. Miaka mitatu si muda mfupi. Kuna data inayokufa baada ya saa 24. Na kampuni ina haki ya kutaka kujua ina deni kiasi gani. Lakini fikiria waliokuwa na pointi za zamani ni akina nani. Si kijana wa Section 58, mjini Nakuru, anayebonyeza simu yake kutwa. Ni yule aliyeambiwa kwa miaka mingi kwamba zawadi kubwa iko dukani, na duka liko mbali, na siku ikifika atakwenda. Ni yule aliyezilimbikiza kwa sababu zilikuwa ngumu kuzitumia. Sasa ugumu ule ule ukawa sababu ya kumnyang'anya.

Safaricom haikufika huko. Ilirudi nyuma na kuusitisha mpango huo. Ilikuwa mara ya pili katika kipindi kifupi kwa suala la kuisha muda kuizonga. Mwaka 2019 wakili Adrian Kamotho Njenga alikuwa amezipeleka Safaricom, Airtel na Telkom mbele ya jopo la rufaa la mawasiliano, akihoji kwa nini data ambayo mteja ameilipia ifutwe kwa sababu tu siku zimepita. Oktoba mwaka huo Safaricom ilizindua data isiyo na kikomo cha muda. Kwa hiyo hoja kwamba mambo haya hayawezi kubadilishwa ina historia fupi na mbaya.

Wakanada walipitia jambo lile lile na wakalimaliza kwa njia nyingine. Mpango mkubwa wa zawadi huko, Air Miles, ulikuwa umetangaza kwamba maili zilizozidi miaka mitano zingeanza kufutwa mwishoni mwa 2016. Wateja walikimbilia kuzitumia, wakajikuta kwenye simu wakisubiri kwa saa nyingi, na bidhaa walizozitaka zikiwa hazionekani. Mapema Desemba kampuni ikaachana na mpango. Bunge la mkoa wa Ontario halikuridhika na kurudi nyuma kwa hiari: mwezi huo huo lilipitisha sheria inayokataza pointi kufutwa kwa sababu ya muda peke yake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012, ambayo inakataza udanganyifu na masharti ya ukandamizaji, lakini kuna tofauti kati ya sheria inayoweza kutafsiriwa na sheria inayosema wazi kwamba pointi hazifi.

Nakuru inajua pia kifo cha aina nyingine cha pointi, na hiki hakikutangazwa na mtu yeyote. Mji huu ndio chimbuko la maduka makubwa kadhaa ya Kenya. Naivas ilianzia Rongai, pale karibu, mwaka 1990. Tuskys, ambayo jina lake la usajili lilikuwa Tusker Mattresses, nayo mizizi yake iko pande hizi. Na Nakumatt ilibeba mji wenyewe kwenye jina lake: Nakuru Mattresses. Kutoka duka la magodoro, Nakumatt ilikua hadi kuwa na zaidi ya matawi 60 nchini Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Kadi yake ya pointi, Smart Card, ilikuwa ndani ya pochi za familia za tabaka la kati kutoka Milimani ya Nakuru hadi Kampala. Watu waliweka pointi kwa ajili ya Krismasi kama wengine wanavyoweka kwenye chama.

Halafu rafu zikaanza kubaki tupu. Mwaka 2017 wenye majengo walianza kuifukuza, na Januari 2018 Mahakama Kuu ikamweka Peter Kahi wa PKF kuisimamia. Madeni yalizidi shilingi bilioni 30. Matawi sita ya mwisho yaliuzwa kwa Naivas, jirani wa zamani wa Rongai, na Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ifungwe kabisa. Katika orodha ya wadai wa aina hii huwa kuna benki, wenye majengo, wauzaji wa maziwa na mkate, wafanyakazi. Mwenye Smart Card yuko wapi? Hayuko mahali popote panapoweza kumsaidia. Benki ina dhamana, msambazaji wa mkate ana ankara, yeye ana kipande cha plastiki. Wenye kuzitumia pointi zao kila mwezi walikula. Wenye subira, wale waliosubiri Desemba, ndio waliobaki na kadi.

Leo mtu akilipa kwenye maduka makubwa ya Nakuru, keshia humwuliza kadi au nambari ya simu kabla hajaanza kupitisha bidhaa kwenye mashine. Wateja wengi huitaja nambari bila kufikiri, ingawa wamekwisha kuona kwa macho yao pointi za Nakumatt zilivyokwenda.

Kwa nini basi zawadi isije yenyewe? Swali hili si la ndoto, kwa sababu jirani wamewahi kulijibu. Mwaka 2014, baada ya Benki Kuu ya Tanzania kutoa ruhusa, Tigo Pesa ilianza kugawa kwa watumiaji wake faida iliyotokana na pesa zao zilizowekwa benki kwa pamoja. Mgao wa kwanza, Septemba mwaka huo, ulikuwa takribani dola milioni 8.7. Hakukuwa na nambari ya kubonyeza ili uombe, wala duka la kwenda. Mteja wa Mwanza au Mbeya aliamka akakuta pesa zimeingia, kidogo au nyingi kulingana na alivyotumia akaunti yake. Mfumo wa Kenya ulichagua njia nyingine: riba ya pesa za M-Pesa zilizo benki huelekezwa kwenye kazi za hisani, ikiwemo kupitia Wakfu wa M-Pesa ulioanzishwa 2010, ambao umejenga shule na kukarabati hospitali. Ni kazi nzuri, ingawa mwenye pesa hakuulizwa. Ugawaji wa Tigo haukuwa pointi, lakini umeonyesha kwamba kampuni ya simu ikitaka kumlipa mteja bila kumchosha, inaweza.

Huhitaji hata kuvuka mpaka kuona hivyo. Tazama madeni yanapoelekea upande wa pili. Ukikopa kredo kwa Okoa Jahazi, kampuni hukata ada yake ya asilimia 10, na ukiweka kredo, deni linalipwa kabla hujapiga simu ya kwanza. Hakuna menyu. Fuliza, mkopo wa M-Pesa ulioanza Januari 2019, una haraka zaidi: pesa zikiingia tu kwenye M-Pesa, iwe mshahara au mchango wa mazishi, mkopo huchukua sehemu yake na kukuachia ujumbe. Mashine hii haisubiri mtu aje mjini. Haisahau, hailali, na inamjua kila mwenye laini kutoka Mai Mahiu hadi Kuresoi kwa jina lake la kitambulisho. Kampuni inapodai, hujilipa yenyewe. Mteja anapodai, anapewa nyota na alama ya reli.

Hakuna sababu ya kiufundi inayozuia pointi zilizofikia kiasi fulani, tuseme zile zenye thamani ya shilingi 100, zigeuke pesa zenyewe na kuingia kwenye M-Pesa ya mwenyewe kila mwaka. Ingegharimu kampuni, bila shaka, kwa sababu pointi ambazo sasa zinasahaulika zingelipwa. Hiyo gharama ndiyo kipimo kizuri zaidi cha ukubwa wa usumbufu uliopo leo.

Kwa sasa kazi ya kuzigeuza pointi inafanywa na wajukuu. Msimu wake ni Desemba, magari kutoka Nairobi yanapojaa kwenye barabara kuu ya Naivasha na Gilgil, na vijana wanaporudi Bahati, Subukia, Molo na Kuresoi kwa Krismasi. Cucu au kogo, yaani bibi, hutoa simu yake ndogo yenye betri iliyofungwa kwa raba na kumwomba mtoto aangalie kwa nini inalia lia. Mtoto hufuta ujumbe wa matapeli, hufuta ofa zilizopitwa na wakati, halafu hubonyeza *126# na kukuta pointi za miaka minane. Wengine huzinunulia sukari na unga palepale dukani kwa jirani mwenye tili. Wengine huzifanya kredo, na kabla ya kuirudisha simu hujisambazia shilingi 50 za kazi waliyofanya, jambo ambalo cucu hulijua vizuri kuliko wanavyodhani.